Nani Ampishe Nani

Namba kumi na saba ilikuwa imebandikwa kifuani pake upande wa kushoto, na kila moyo ulipopiga, karatasi ile ilitikisika. Chiriku aliikandamiza kwa kiganja ili itulie. Haikutulia. Aliketi kwenye benchi la korido, magoti yameshikana, chupa ya maji mapajani, na nyuma ya mlango uliofungwa namba kumi na sita alikuwa akiimba wimbo uleule ambao yeye angeuimba baada ya dakika chache. Wimbo wa lazima, ndivyo karatasi ya chuo ilivyouita. Kijana yule aliupandisha juu, akaushikilia hukohuko, kisha akaushusha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Loo! Alikuwa anajua, hapakuwa na ubishi.

"Mungu wangu, nimefuata nini huku?" Chiriku alijiuliza, na kwa mara ya nne tangu asubuhi akahisi haja ya kwenda msalani.

Jina hilo lisikudanganye. Chiriku ni ndege wa kelele, na binti huyu wa miaka kumi na tisa alipachikwa jina lake kwa utani tu, maana tangu utotoni maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Ukimsalimu ataitika, ukimuuliza atajibu. Zaidi ya hapo utangoja mpaka kiama. Mdomo wake ulifunguka kwa kuimba. Na hata katika kuimba alikuwa na mahali pake, safu ya nyuma ya kwaya, miongoni mwa wanawake wa sauti ya pili. Wenye kujua kwaya wanajua: sauti ya kwanza ndiyo hubeba wimbo, ndiyo watu hutoka nayo mlangoni wakiipiga mluzi. Sauti ya pili hukaa chini yake na kuiegemeza, na ikifanya kazi yake vizuri hakuna anayegundua kwamba ipo. Chiriku alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka minane.

Aliyemtia katika mashaka haya ni kiongozi wa kwaya, fundi redio ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Mchana mmoja, mazoezi yamekwisha na watu wametawanyika, alimkuta Chiriku akipanga viti huku akiimba peke yake. Akasimama mlangoni akasikiliza mpaka viti vikaisha. Wiki iliyofuata alikuja na fomu. Chuo cha muziki kilitangaza ufadhili kwa mwimbaji mmoja, mmoja tu, masomo na malazi kwa miaka mitatu.

"Jaza," alimwambia. "Usipoijaza nitaijaza mimi, na mwandiko wangu unaujua."

Chiriku aliijaza kwa hofu ya mwandiko ule, akidhani kwamba hakuna atakayemjibu. Walijibu. Walimwita kwenye usaili utakaofanyika mjini kwao na kumtumia wimbo wa lazima. Na maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Riziki yake ilikuwa kwa dobi, na dobi mwenyewe alikuwa mama yake. Kilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili, mmoja wa wateja na mmoja wa kutokea uani kwenye kamba za kuanikia. Meza mbili za pasi zilitazamana. Mama alichukua mashati na magauni, binti akachukua mashuka na suruali, na katikati yao palikaa beseni la maji ya wanga. Redio haikuhitajika, kwa sababu waliimba wenyewe tangu pasi zinapopata moto mpaka zinapozimwa. Mama aliimba sauti ya kwanza. Jambo hilo halikuwahi kuamuliwa na mtu. Mama alianza, na binti akashuka chini yake akatafuta pa kukaa, kama vile mtu anavyojibana ukutani mkubwa wake apite. Wateja walichelewa kuondoka kwa ajili ya nyimbo zile. Wawili hao hawakuwa na mtu mwingine nyumbani, wala hawakuonekana kumhitaji.

Shida ilianza na wimbo wa lazima. Chiriku aliufanyia mazoezi palepale mezani, kwa kuwa hakuwa na pengine, na mama mwenye sikio la ajabu aliushika kwa siku tatu tu. Siku ya nne ukawa wake.

"Mama, leo usiimbe," Chiriku alimwomba.

"Nani anaimba?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nanyoosha kola hapa."

"Unaimba, mama. Mwalimu anasema lazima niuzoee peke yangu."

"Haya, haya, yasiwe makubwa. Tazama." Mama akachukua kibanio cha nguo, akajibana nacho midomo. Binti alicheka mpaka akashindwa kuanza. Hatimaye akaanza, na ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Kwenye ubeti wa pili kibanio kiliangukia beseni, tubwi! na sauti ya mama ikajaa chumba kizima. Chiriku hakutambua hata ni wakati gani aliacha wimbo. Alijikuta tu huko chini, akitengeneza sauti ya pili ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote, na ilikuwa tamu, na wote wawili wakafurahi.

Mwalimu hakufurahi. Alisimama mlangoni, mfuko wake wa nguo chafu begani, akatikisa kichwa.

"Unapisha," alisema. "Mtu akitokeza na sauti ya kwanza, wewe unampisha njia, utadhani umekutana na mkwe wako uchochoroni. Kwenye kwaya hiyo ni adabu. Kule watakuona huna kitu."

"Sifanyi makusudi, Mwalimu."

"Ndiyo maana naogopa."

Tangu siku hiyo Chiriku naye aliogopa. Alikula akiwa na hofu na alipiga pasi akiwa na hofu.

"Kumi na saba!"

Mlango ulifunguka. Namba kumi na sita alitoka akijifuta jasho, akamwinamia. "Ingia tu," alimnong'oneza. "Hawaumi." Yeye alikuwa amekwisha kuimba, aliweza kusema hivyo. Chiriku alisimama. Akaingia.

Ndani kulikuwa na wasaili watatu nyuma ya meza ndefu: mzee mwenye tai, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kijana aliyeandika bila kuinua kichwa. Penye dirisha aliketi mpiga piano, dada mmoja mwenye kofia ya sufu. Chiriku aliitazama kola ya mzee. Jicho la dobi halilali; aliona kwamba upande wa nje ulikuwa umenyooshwa, wa ndani haukuguswa. Kosa la mwenye haraka. Kwa sababu asiyoweza kuieleza, kosa lile lilimpa pumzi kidogo.

"Wimbo wa lazima," alisema mama mwenye miwani. "Ukiwa tayari."

Hakuwa tayari, wala asingekuwa tayari hata wangemngoja mwaka mzima. Aliitikia kwa kichwa. Piano ikafungua njia, naye akaingia.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Sauti ilitoka nyembamba, ikapata joto, ikasimama. Mpiga piano alimwekea chini yake milio michache ya polepole, na Chiriku akaanza kusikia jinsi chumba kile kilivyopenda kuimbiwa. Laiti wangemkatiza hapohapo! Lakini dada yule alikuwa na moyo mwema. Alikuwa ameiona mikono ya binti ikitetemeka, akaamua kumsaidia. Ubeti wa pili ulipoanza akaupiga wimbo wenyewe, noti kwa noti, kwa nguvu, ili mwimbaji apate pa kushika.

Chiriku aliimba mpaka mwisho. Alipofunga mdomo aliona kwamba kijana wa kuandika ameinua kichwa. Mzee mwenye tai alikuwa akitazama karatasi ya wimbo iliyokuwa mbele yake, kidole kikifuata mistari, kikirudi, kikifuata tena.

"Ubeti wa pili," alisema. "Umeimba nini?"

Hapo ndipo alipojisikia. Aliisikia sauti yake mwenyewe ya sekunde chache zilizopita, akajua ilikuwa imekaa wapi, na jasho jembamba likamtoka mgongoni. Ardhi ingepasuka angeingia bila kuuliza kina.

"Samahani, mwalimu. Niliipisha piano."

"Uliifanyaje?"

"Niliipisha. Ilikuja na sauti ya kwanza. Nikapisha."

Kijana aliziba mdomo kwa daftari. Mzee hakucheka. "Wimbo huu umeandikwa kwa sauti moja," alisema. "Hauna sauti ya pili popote duniani. Hiyo uliyoimba umeitoa wapi?"

"Kwa dobi, mwalimu."

Daftari halikutosha tena. Kijana alicheka waziwazi, na dada wa piano akainamia vitufe vyake mabega yakimtikisika. Chiriku alitazama viatu vyake. Alitamani kulia, na alitamani zaidi kuwa nyumbani.

"Sikiliza, binti," mzee alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko kicheko. "Wanakwaya tunao tele. Hii ni nafasi ya mtu wa kusimama peke yake."

Mama mwenye miwani aliivua, ikaning'inia kifuani. "Ubeti wa pili, tena," alisema. Kisha akageukia dirishani. "Na wewe mpigie vilevile. Zidisha, ukiweza. Usimwonee huruma."

Dada wa piano alifanya alivyoambiwa. Wimbo ulitoka kwenye kile chombo kwa kishindo, wote, umenyooka, hauna mahali palipobaki wazi, na Chiriku akaingia humohumo. Koo lake lilijua njia ya chini kuliko lilivyojua njia ya kwenda nyumbani. Kila noti ilimvuta pembeni: pisha, mkubwa anapita, pisha. Alikaza. Alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Si kwamba aliimba vizuri; aliimba kama mtu anayesukumana mlangoni, na mtu aliyekuwa akisukumana naye alikuwa na uso wa mama yake, na jambo hilo lilimtia aibu kubwa. Kwenye mstari wa tatu aliteleza, noti mbili, akashuka. Akazinduka, akapanda tena, sauti ikakwaruza. Alimaliza mstari wa mwisho akiwa juu, pumzi zimekwisha, macho yamemtoka.

"Asante," alisema mama mwenye miwani. Asante hiyo ingeweza kuwa na maana yoyote. "Utajulishwa."

Nyumbani mama alimngoja na maswali tele, pasi mkononi. Wangapi walikuwepo? Walicheka? Walipiga makofi?

"Sijui, mama. Ubeti wa pili nilikosea."

"Ule wa pili? Mbona mwepesi!" Na mama akauimba. Aliuimba wote, kichwa kimeinama juu ya gauni la mtu, mkono ukienda na kurudi, bila piano, bila karatasi, bila kuteleza popote. Mteja aliyekuwa mlangoni alisahau kutoa nguo zake. Chiriku alisimama na mkoba wake begani, akaelewa kwamba mama angekuwa pale mbele ya meza ndefu angepewa nafasi ile papo hapo. Hakuna aliyewahi kumletea fomu. Alimwonea huruma. Na papo hapo, juu ya huruma ile, ilimpanda hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya mama yake, akaogopa kuitazama. Aliingia uani akaanua mashuka ambayo yalikuwa hayajakauka.

Wiki tatu zilipita, na kila siku yake ilikuwa na urefu wake. Pikipiki ikisimama nje, moyo ulimruka. Simu ya mteja ikilia, alinyamaza katikati ya neno. Mama akianza wimbo, binti alisema koo linamkereketa, akanyoosha mashuka kimya. Mama alimchemshia maji ya tangawizi. Alimpikia na kumpoozea, hakumuuliza. Lakini mara kadhaa Chiriku aliinua macho akamkuta anamtazama.

Siku ya Jumatano, kabla ya saa sita mchana, Mwalimu aliingia mbio bila mfuko wa nguo. Fomu ilikuwa na anwani yake. Bahasha alikuwa ameshaifungua, kwa maelezo yake mwenyewe ilijifungua njiani.

"'Tunafurahi kukuarifu,'" alianza kusoma, "'tunafurahi kukuarifu kuwa wewe...'" Akashindwa. Mtu mzima yule, ndevu zake zote, alikabwa na kilio, akampa Chiriku karatasi.

Mama alipiga ukelele uliowatoa watu wa duka la pili. Alimkumbatia binti kwa mikono yake yenye wanga, akamkumbatia Mwalimu, akamkumbatia binti tena. "Mwanangu! Mwanangu mwimbaji! Si nilisema?" Hakuwahi kusema, lakini siku hiyo nani angembishia? Chiriku alicheka huku akilia, na karatasi ikalowa pembeni. Majirani walipongeza wakarudi kwenye shughuli zao. Ndipo akasoma mistari iliyobaki. Aliisoma mara mbili kwanza moyoni, kisha kwa sauti. Aliyepewa nafasi aripoti chuoni Jumatatu kabla ya adhuhuri. Asiporipoti, nafasi itakwenda kwa anayefuata bila taarifa nyingine.

"Jumatatu ipi?" mama aliuliza.

"Hii, mama."

"Aa, haiwezekani." Mama aliirudia pasi yake. "Jumatatu mzigo wa hoteli unaingia, mashuka mia na kitu. Nitaubeba na nani? Waandikie waambie utakwenda mwezi ujao, nikishapata msichana wa kunisaidia. Mtu akikutaka kweli atakusubiri. Subira huvuta heri."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama alivyokuwa akisema nisogezee beseni. Na "sawa, mama" ilikuwa tayari mdomoni mwa Chiriku, imeiva, kama ilivyokuwa siku zote. Ilibaki kuiachia tu. Alimkumbuka namba kumi na sita. Huenda yeye ndiye anayefuata. Huenda muda huu amekaa karibu na simu, mkoba umefungwa, akiomba mtu asitokee. Na asiyekuwapo na lake halipo.

"Hapana, mama."

Mwalimu aligeuka kama aliyeitwa kwa jina.

"Umesemaje?" mama aliuliza.

"Nimesema hapana. Nakwenda Jumatatu. Nikichelewa wanampa mwingine."

"Na mimi?"

Majibu yalikuwepo. Angeweza kusema atarudi kila likizo, angeweza kusema msichana atapatikana, angeweza kupiga magoti akaomba radhi. Yote yalimjia, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lile.

"Sijui, mama," alisema.

Mama akavuta shati jingine, akalitandaza, akalinyunyizia maji, akaanza na kola kama kawaida. Pasi ilipita kola mara moja, mara ya pili, ikateremka kifuani, ikasimama. Mama alikuwa akitazama mlango wa uani. Chiriku alisikia harufu kabla ya kuona moshi. Miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alinyoosha nguo za watu, hariri na lesi na magauni ya maharusi, na hakuwahi kuunguza hata leso. Binti aliinua mkono kwenda kuiondoa pasi ile. Akaurudisha.

"Mama," alisema. "Pasi."

Mama alishtuka, akaiinua. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki juu ya mfuko, na wote watatu wakaitazama.

"La nani hilo?" aliuliza Mwalimu, ambaye hakuweza kuvumilia kimya.

"La mteja." Mama aliipitisha ncha ya kidole juu ya alama, taratibu, mara mbili. Alipozungumza tena hakuinua macho. "Mpaka huko chuoni ni mwendo wa saa ngapi?"

"Saa saba, mama."

"Basi uondoke Jumapili," mama alisema, akalikunja lile shati, sehemu iliyoungua ikiwa ndani.